Siku yake ilifika, lakini kofia ngumu je? Tuongee qadari na hiari ya mtu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye msiba Nkuhungu, hapa hapa Dodoma mjini. Kijana wa bodaboda, miaka 22, aligongana na gari usiku, na kofia ngumu alikuwa nayo ila ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Tumekaa chini ya turubai, chai ya tangawizi inazunguka kwenye vikombe vya plastiki, na maongezi yakaanza kama yanavyoanzaga kwenye kila msiba. Mzee mmoja akasema siku yake ilifika huyu, hata angekuwa amelala kitandani kwake angekufa tu. Boda mwenzake na marehemu, macho mekundu hajalala, akajibu kwa adabu kabisa, "Mzee wangu nakuheshimu, lakini angeivaa ile helmeti leo tungekuwa tunamuuguza, sio tunamzika." Mzee akakasirika, akamwambia hayo ni maneno ya mtu asiyekuwa na imani. Kijana akanyamaza, ila usoni unaona kabisa hajakubali, amenyamazishwa tu.

Mi pale sikusema kitu, msibani sio mahali pa kushindana. Lakini toka siku ile swali limenifuata mpaka kwenye darsa letu la vijana baada ya Isha, na grupu la wasap la darsa limewaka wiki nzima, watu wanatuma sauti za dakika tano tano, huyu anatuma aya hii yule anatuma aya ile, na ukikaa ukaangalia vizuri aya zote ni za kweli, tatizo kila mtu ameshika kipande chake anampigia nacho mwenzake. Ndo maana nimeona niandike kwa utaratibu. Hili jambo likieleweka nusu linaua watu, na sizidishi chumvi, linaua.

Tuanze na maneno manake nusu ya ugomvi wetu iko hapo. Qadari, wengine wanaandika kadari, asili yake ni kipimo. Quran sura ya 54 aya ya 49 inasema maana yake kwamba kila kitu tumekiumba kwa kipimo. Qadhaa ni hukumu, yaani lile lililopimwa likapitishwa. Wanazuoni wametofautiana lipi kati ya hayo mawili linatangulia na wengi wetu tunayataja pamoja tu, qadhaa na qadari, kwa leo haitusumbui. Kudura ni uwezo wa Mwenyezi Mungu. Hiari ni ile nafasi ya mtu kuchagua afanye au asifanye.

Sasa kuna maneno mawili ya Kiswahili chetu ambayo yametuchanganya kuliko tunavyodhani. La kwanza ni ajali. Asili yake ni ajal ya Kiarabu, muda uliowekwa, mwisho wa uhai wa mtu. Sisi tumelichukua tukaliweka kwenye gari na pikipiki. Kwahiyo unaposema fulani amepata ajali, mdomo mmoja unasema vitu viwili, kwamba muda wake aliopangiwa umefika, na kwamba breki zimefeli au mtu alikuwa anakimbiza chombo. Trafiki akija kupima barabara anaongelea hiyo ya pili, mzee wa turubai anaongelea ile ya kwanza, halafu wanagombana kama vile wanaongelea kitu kimoja. Na msemo wetu wa ajali haina kinga umezaliwa kwenye huo mchanganyiko. Ajali ile ya muda wa kufa, kweli haina kinga. Ajali ya barabarani ina kinga nyingi tu, na mojawapo inauzwa kwenye maduka ya spea.

Neno la pili ni mapenzi. Tunasema ni mapenzi ya Mungu. Na huu msemo hatuutumii Waislamu peke yetu, majirani zetu Wakristo nao hivyo hivyo, ukienda msiba wowote Dodoma utausikia. Shida ni kwamba kwa Kiswahili mapenzi ni kutaka na pia ni kupenda, wakati kwenye dini yetu hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Hakuna kinachotokea duniani bila Allah kutaka kitokee, hilo ni sawa, lakini sio kila alichoacha kitokee anakipenda. Sura ya 39 aya ya 7 inasema haridhii ukafiri kwa waja wake, na ukafiri upo, tunauona, kwahiyo upo kwa kuachwa uwepo na sio kwa kupendwa. Mtoto akifa kwenye shimo la choo ambalo mtu mzima aliliacha wazi wiki tatu, ukisema ni mapenzi ya Mungu angalia unamaanisha nini, usije ukawa unamsingizia Mola wako kwamba alifurahishwa na uzembe wa mtu.

Haya, tuingie ndani. Kuamini qadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Inatoka kwenye ile hadithi maarufu ambayo malaika Jibril alimjia Mtume (rehma na amani zimshukie) kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, akamuuliza Uislamu ni nini, imani ni nini, ihsani ni nini. Kitu ambacho wengi hatuhadithiwi ni kwamba hadithi hii kwenye Sahihi ya Muslim, yaani kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim, inasimuliwa kwasababu ya mkanganyiko huu huu wetu. Kule Basra alitokea mtu anaitwa Ma'bad al-Juhani akawa anasema hakuna qadari, mambo yanaanza tu upya, Mungu hajayapanga. Watu wawili wakasafiri kwenda hija, wakakutana na Abdallah bin Umar msikitini, wakamshika mmoja kulia mmoja kushoto wakamuuliza, ndo akawajibu kwa kuwahadithia hayo aliyoyasikia kwa baba yake, Umar bin Khattab. Yaani vijana wa darsa wajue hawajakufuru kwa kuuliza. Watu wamelisafiria hili swali toka karne ya kwanza ya Hijria.

Ukiambiwa uamini qadari unaambiwa uamini vitu vinne vilivyobebana. Kwamba Allah anajua kila kitu kabla hakijawa. Kwamba ameandika, na hadithi ya Abdallah bin Amr kwa Muslim inasema aliandika vipimo vya viumbe miaka 50,000 kabla ya kuumba mbingu na ardhi. Kwamba hakuna kinachotoka nje ya utashi wake. Na kwamba yeye ndiye muumbaji wa kila kitu. Viwili vya mwanzo ni vyepesi kuvielewa, viwili vya mwisho ndo vinatoa watu jasho.

Vyepesi kwanza. Kujua sio kulazimisha. Kila mwaka kabla ya msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza utabiri, na sisi huku kanda ya kati mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba inaishia Aprili, ndo hiyo hiyo. Wakitangaza mwaka huu mvua itakuwa chini ya wastani na kweli ikawa chini, hakuna mkulima wa Chamwino atakayefunga safari kwenda kuwadai kwamba nyie ndo mmenikaushia mtama wangu, si mlisema? Wao walijua, hawakukausha. Najua mfano una mwisho wake, wale wanakadiria na saa nyingine wanakosea, Allah hakadirii wala hakosei. Lakini kwenye nukta hii moja unasimama: kalamu kuandika utakachochagua sio sawa na kalamu kukushika mkono ikuchagulie. Imeandikwa utafanya, ikijulikana utafanya kwa kutaka mwenyewe, na huko kutaka kwako nako kumeandikwa.

Sasa vile vizito. Sura ya 37 aya ya 96 inasema Allah amekuumbeni nyinyi na mnayoyafanya. Hapo kijana mmoja wa darsa akaniuliza, ustadhi kama tendo langu ameliumba yeye, mi naulizwa nini? Swali zuri sana, na kwa swali hili hili umma uligawanyika. Kuna waliosema mtu hana lolote, ni kama unyoya kwenye upepo, hao waliitwa Jabriya na anayetajwa sana ni Jahm bin Safwan. Kuna waliokwenda upande wa pili kabisa, Muutazila, wakasema mtu anayaumba matendo yake mwenyewe, wakiogopa kumnasibisha Allah na dhulma. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa Muutazila mwenyewe mpaka alipotoka, akafa mwaka 324 Hijria, akaja na neno kasb, yaani kuchuma: Allah anaumba tendo, mja analichuma kwa kulielekea na kulitaka. Kina Maturidi, wanazuoni wengine wa Sunni, wakalisema kwa namna yao ambayo inampa mja nafasi pana zaidi kidogo. Na majirani zetu Mashia wananukuu kwa Imamu Jaafar as-Sadiq kwamba hakuna kulazimishwa wala hakuna kuachiwa kabisa, bali ni jambo lililo kati ya mambo mawili. Wote hawa, ukiacha zile ncha mbili, wanatafuta mahali pa kati, wanatofautiana tu pa kati penyewe ni wapi.

Mfano ninaoutumia mimi ni wa umeme. Tuseme umeme unatoka bwawa la Mtera, unapita kwenye nguzo mpaka chumbani kwako Ipagala. Wewe hujautengeneza hata chembe, ukikatika unakaa gizani na hasira zako. Ila swichi iko ukutani na kidole ni chako. Umeme ule ule unaweza kuwasha taa mtoto akasoma, na unaweza kuuwekea waya wa wizi ukaunguza nyumba ya jirani, na ikiungua hakuna atakayekwenda kuuliza Mtera, wataulizia waya umeuweka nani. Nguvu ya kila tendo, mkono, pumzi, mapigo ya moyo, hata huo uwezo wa kutaka, vyote vinatoka kwake sekunde kwa sekunde. Kubonyeza ndo kwako. Na huu mfano nao mtu akiusukuma sana utavunjika, manake hata kidole ameumba yeye, ila kwa mtu wa kawaida unamfikisha pale anapotakiwa afike.

Halafu kuna hoja ya zamani ya wanazuoni ambayo haihitaji elimu yoyote, inahitaji uwe umeumwa malaria tu. Mtu ana homa kali, amejifunika blanketi mbili, mkono unatetemeka kikombe cha uji kinamwagika. Mwingine yuko stendi kuu Nzuguni anaupunga mkono kumuaga mama yake aliyeko dirishani kwenye basi la kwenda Singida. Mikono yote miwili inatikisika. Je, kuna mtu asiyejua tofauti yake? Hata yule anayebisha kwamba binadamu hana hiari, ukimpiga kofi hatakwambia pole ndugu yangu ni qadari, atakurudishia au atakwenda polisi, kwasababu ndani anajua kabisa ulikuwa na uwezo wa kutokumpiga. Sheria yetu nayo imefuata hapo hapo: mtoto, aliyelala na mwendawazimu kalamu imeinuliwa kwao, yaani hawaandikiwi dhambi, na aliyelazimishwa kutamka ukafiri huku moyo wake umetulia kwenye imani hana dhambi. Kabila lako, rangi yako, umezaliwa kwa nani, Kondoa au Kigoma, hutaulizwa. Unaulizwa pale swichi ilipo.

Na Quran imeweka vyote viwili sehemu moja ili usichague kimoja. Mwisho wa sura ya 81, aya ya 28 inasema ni ukumbusho kwa anayetaka kwenda sawa miongoni mwenu, haya, hiari hiyo. Aya ya 29 inafuata hapo hapo, wala hamtataka isipokuwa atake Mwenyezi Mungu Mola wa walimwengu. Wanaotumiana aya kwenye grupu wengi wanakata katikati.

Lakini mimi kama ningeambiwa nichague kisa kimoja tu cha kuelezea qadari ningechukua cha Sargh. Umar bin Khattab akiwa khalifa alisafiri kwenda Sham, yaani Syria na maeneo ya jirani yake, na alipofika sehemu inaitwa Sargh majemadari wakampokea wakamwambia kule kumeingia tauni. Hakukurupuka, aliwaita Muhajirina, wale waliohama Makka kwenda Madina, akawataka ushauri, wakatofautiana, akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, wakatofautiana, akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri zama za ufunguzi wa Makka, hao wote wakasema rudi na watu. Akatangaza asubuhi tunarudi. Abu Ubaida, na huyu sio mtu mdogo, ni katika kumi waliobashiriwa pepo, akamuuliza: unaikimbia qadari ya Allah? Umar akasema, laiti angeyasema haya mwingine, ewe Abu Ubaida! Ndiyo, tunaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Hebu niambie, ungekuwa na ngamia wako wakashuka kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine umekauka, ukiwachunga penye majani si umewachunga kwa qadari ya Allah, na ukiwachunga pakavu si umewachunga kwa qadari ya Allah?

Weka ng'ombe mahali pa ngamia halafu mwelezee hicho kisa mfugaji wa Bahi mwezi wa kumi, ardhi nyeupe, hakuna hata jani. Hatakuuliza maana yake. Hakuna mfugaji hapa anayewapeleka ng'ombe pakavu akasema imeandikwa, kama ni wa kushiba watashiba. Anahama nao. Na akihama hajatoka kwenye qadari hata hatua moja, njaa ni qadari na kuhama nako ni qadari. Baadaye akatokea Abdurrahman bin Auf ambaye hakuwepo kwenye ule ushauri, akasema mimi nina elimu ya hili, nimemsikia Mtume akisema mkisikia gonjwa hili limeingia nchi msiiendee, na likiingia mkiwa humo msitoke kulikimbia. Umar akamhimidi Allah, akaondoka. Kisa kiko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Abu Ubaida alibaki Sham na watu wake akafa kwa tauni ile mwaka wa 18 Hijria. Umar aliishi kama miaka mitano mbele, mpaka alipochomwa jambia akiwa anaswalisha Alfajiri Madina. Tauni aliikwepa, ajali yake hakuikwepa, na hayo mambo mawili hayagombani.

Kwahiyo yule mzee wa turubai na yule boda kila mmoja alikuwa na nusu. Aliyesema siku ilifika amesema kweli. Aliyesema angevaa kofia amesema kweli, manake kofia nayo ni sababu na sababu nazo zimo ndani ya maandiko. Alichokosea mzee ni kulitumia neno la faraja kumnyamazisha anayeonya.

Hapa kuna kanuni ya wanazuoni ambayo naomba kila mtu aibebe: qadari inatajwa kwenye misiba, haitajwi kwenye makosa. Sisi tumeigeuza. Likitupata la kutuumiza tunatafuta mchawi, tukifanya la kuumiza wengine tunasema Mungu alipanga. Angalia makosa mawili ya mwanzo kabisa. Iblis aliasi, alipoulizwa akasema "kwa kuwa umenipoteza", yaani wewe Mungu ndo umesababisha, iko sura ya 7 aya ya 16. Adam na Hawa nao walikosea, wao wakasema Mola wetu tumedhulumu nafsi zetu, aya ya 23 ya sura hiyo hiyo. Kosa na kosa, tofauti ni kauli iliyofuata. Na washirikina wa Makka nao walisema lau Allah angetaka tusingeshirikisha, Quran ikawaambia hata waliokuwa kabla yao walikadhibisha hivyo hivyo.

Na kama kweli siku ilifika ingekuwa kinga ya aliyesababisha, basi hukumu ya kuua kwa bahati mbaya isingekuwepo. Ipo, sura ya 4 aya ya 92. Aliyeua muumini kwa kukosea, hakukusudia kabisa, bado anatoa fidia kwa familia na kafara juu yake, na asiyepata mtumwa wa kumuacha huru anafunga miezi miwili mfululizo. Marehemu kafa kwa ajali yake aliyoandikiwa, na bado unafunga siku sitini. Dereva anayepakia watu kupita kiasi aisome hii aya kabla hajawasha gari.

Sisi wa mkoa huu tuna jambo letu la kutufundisha hili. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mlima huku Igandu, ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Waliofiwa siku ile kuambiwa imeandikwa ilikuwa dawa, na aya ya 22 ya sura ya 57 inayosema hakuna msiba unaowapata ila umo kitabuni kabla hatujauumba ilikuwa yao kabisa, na aya ya 23 inasema kwanini, ili msihuzunike kwa kilichokupoteni. Lakini mtu wa kukagua breki za behewa popote pale haisomi aya ile kama ruhusa. Kwake yeye aya ni nyingine, msijitupe kwa mikono yenu kwenye maangamizo.

Mengine yanayosemwa mtaani nitayapitia, moja linaniuma zaidi nitakaa nalo.

Kwamba riziki imeandikwa kwahiyo kuhangaika ni bure. Maswahaba walimuuliza Mtume swali hili hili wakiwa makaburini Baqi kule Madina, amekaa anachimba chimba ardhi kwa kijiti, akasema hakuna mmoja wenu ila nafasi yake imeshaandikwa, peponi au motoni. Wakasema si tutegemee basi hiyo tuache amali? Akasema fanyeni, kila mmoja anarahisishiwa alichoumbiwa. Kwa maana nyingine usikae kusubiri ujue umeandikiwa nini, unakielekea nini ndo kinakuonyesha. Wakulima wa zabibu wa Hombolo wanajua, ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia shambani usipopiga dawa hakuna aliyekwisha kuvuna kwa kusema riziki yangu ipo. Msemo wetu jitihada haiondoi kudura ni wa kweli, ila hausemi popote acha jitihada.

Kwamba dua haina maana kama kila kitu kimepangwa. Dua imo humo humo kwenye mpango. Kupona kwako kumeandikwa na kuomba kwako kumeandikwa kuwa ndo njia ya kupona. Hadithi ya Salman kwenye kitabu cha Tirmidhi inasema hairudishi qadhaa isipokuwa dua.

Kwamba fulani ana uwezo wa kukuangalizia nyota yako. Hana. Qadari ni siri ya Allah, na aliyekwenda kwa mpiga ramli akamuuliza kitu swala zake za siku arubaini hazikubaliwi, hadithi hiyo iko kwa Muslim. Anayekwambia umeandikiwa nini ameichukua hela yako tu.

Na inshallah jamani tuiache iwe inshallah. Isiwe njia ya heshima ya kusema sitakuja.

Hili linaloniuma ni la ndoa. Nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi, mwanamke jicho limevimba, mtandio umeshushwa mpaka kwenye nyusi ili lisionekane, na mtu mzima anamwambia binti yangu mume ni qadari, vumilia, ndo ulivyoandikiwa. Wallahi hii sio dini. Mke wa Thabit bin Qais alikwenda kwa Mtume akasema simlaumu mume wangu tabia wala dini ila siwezi kuishi naye. Hakuwa amepigwa kwa mujibu wa maneno yake hayo, hakutaka tu. Mtume hakumwambia umeandikiwa, alimuuliza utamrudishia bustani yake? Akasema ndiyo. Ndoa ikaisha. Iko kwa Bukhari. Kama kuingia kwenye ile ndoa kulikuwa qadari, kutoka kulikuwa qadari pia, na mlango aliuonyesha Mtume mwenyewe. Ukimfungia mwanamke mlango ambao Mtume aliufungua halafu ukasema Mungu ndo kafunga, umeshabeba mzigo mkubwa.

Nimalizie na kilichotokea siku ya tatu kule Nkuhungu, nilirudi kwa ajili ya dua. Mama wa marehemu aliniita pembeni kwenye kibaraza, ana kanga mbili moja kajitanda moja kashika mkononi anaipindapinda. Akaniambia, "Ustadhi, ile pikipiki nilimnunulia mimi. Niliuza alizeti magunia yangu yote nikaongezea na hela ya kikoba. Nisingemnunulia je?"

Hapo ndo nikaikumbuka hadithi ya Abu Huraira kwa Muslim, ya muumini mwenye nguvu, nimeifundisha mara nyingi sikuwahi kuona kwamba ina nusu mbili za watu wawili. Nusu ya kwanza inasema pupia kinachokunufaisha, muombe Allah msaada, wala usishindwe. Hiyo ni ya wale vijana waliokuwa wamepaki pikipiki zao nje ya geti, kofia ziko kwenye usukani vile vile. Nusu ya pili inasema na likikupata jambo usiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, sema Allah amekadiria na alilotaka amefanya, manake lau inafungua kazi ya shetani. Nikamsomea ya kwake, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, nikamwambia mama ulimnunulia mwanao kazi, hukumnunulia kifo, hicho kilikuwa na tarehe yake.

Alikaa kimya muda. Halafu akaniuliza hiyo ya kwanza nimeshawaambia wale wa nje? Nikasema bado. Akasema, "Nenda kawaambie, mimi nitakaa."